Benchi Linalotazama Magari

Asubuhi ile hoteli ilikuwa imehama tena. Rula alipoingia ukumbini, aliikuta imetoka pembeni alikoiacha jana na kukaa katikati ya gati, na ghala la dada yake limesukumwa hadi nyuma ya vyoo vya umma. Akasimama koti likiwa mkononi, akavuta pumzi, akasema neno ambalo mtu mwenye heshima zake halisemi ukumbini, hata ukumbi ukiwa mtupu.

Hoteli yenyewe ilikuwa kipande cha mbao, ukubwa wa mche wa sabuni. Ghala lilikuwa dogo zaidi, na paa lake lilikuwa na mistari ya bati aliyoikwaruza Rula mwenyewe kwa ncha ya msumari. Vyote vilikaa juu ya meza kubwa pamoja na maji ya rangi ya buluu, barabara, miti ya sponji na benchi moja la njiti ya kiberiti. Huo ndio ulikuwa mji wao wa kesho, na kila mwenye vidole aliuchezea.

Tatizo lilikuwa kanuni. Zamani halmashauri ilipitisha mipango kwa karatasi. Watu walitia saini wasichokisoma, kisha jengo likianza kuinuka waliruka kimanga: "Nani? Mimi? Mimi sikukubali hilo!" Halmashauri ikachoka, ikaamua kwamba karatasi basi. Mpango utawekwa mezani kwa vipande vya mbao. Kila mwenye zamu ya kusema ataruhusiwa kusogeza au kuondoa kipande, mradi aseme sababu. Na kitakachobaki mezani kengele ya mwisho ikilia ndicho kitakachojengwa. Aliyebuni kanuni hiyo alipigiwa makofi. Rula alitamani kumjua ampe mkono, halafu asiuachie mpaka aombe radhi.

Na mji ulikuwa hoi, hilo hakuna aliyebisha. Meli zilikwisha kuhamia bandari nyingine, kreni zilikuwa zimeota kutu zikiwa zimesimama, na maduka ya mtaa wa mbele yalifungwa makufuli ambayo hata wezi hawakuyajali. Vijana wakimaliza shule waliondoka, wakarudi kwa mazishi tu. Sasa mfadhili wa kuufufua ukingo wa maji alikuwa amepatikana, naye alisema wazi kwamba wakishindwa kuelewana safari hii, atakwenda kwingine. Huu ndio ulikuwa mkutano wa mwisho.

Jina la Rula walimpa kwa sababu alikuwa mchora ramani wa halmashauri, mrefu, mwembamba, na hapindi. Dada yake mkubwa alikuwa mshona maturubai. Wazazi walipofariki, Dada ndiye aliyeacha shule, akakaa nyuma ya cherehani kubwa katika ghala lile la gatini, akashona maturubai ya kufunikia mizigo ya meli mpaka mdogo wake akawa mtu mwenye ofisi na kalamu zake. Meli zilipoondoka, yeye alibaki humohumo akishonea wenye malori. Basi Rula alijiapiza: wajenge watakacho, ghala la Dada halibomolewi. Kwa kiapo hicho mpango ulikuwa umekwama mkutano baada ya mkutano, maana ghala lilikaa palepale kila mtu alipopataka.

Watu walianza kuingia. Rula akamgeukia Bwana Hoteli, mfanyabiashara mwenye tumbo la kutangulia na kicheko cha kufuatia.

"Nani amehamisha hoteli?"

"Labda imejihamisha kwa uchungu," alisema Bwana Hoteli. "Hoteli gani inakaa kona, inatazama ukuta?"

"Mkutano haujaanza! Huna zamu!"

"Basi irudishe. Zamu yangu ikifika nitaileta tena. Mkono wangu haujavunjika."

Rula akairudisha, akalirudisha na ghala, akayameza mate machungu.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kengele aliyoigonga ilikuwa ileile ya shule. Akampa zamu ya kwanza Mama Soko, kiongozi wa wachuuzi, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake. Mama Soko akalivuta soko mpaka likaziba barabara nzima.

"Na watu watapita wapi?" aliuliza Rula.

"Sokoni! Mtu akipita sokoni hununua. Akipita barabarani anakwenda kwake."

Bwana Hoteli akaja, akasukuma soko, akarudisha hoteli katikati, akaongeza maegesho ya magari mbele yake. Mama Soko akadai zamu ya pili, akayapunguza maegesho. Mti mmoja wa sponji ukaangukia majini. Wapishi wengi huharibu mchuzi, lakini hawa walikuwa wameuharibu kitambo, na sasa walikuwa wanagombania sufuria.

Kisha Mwenyekiti akamwita Dada.

Dada hakukosa mkutano hata mmoja. Alikaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani, na kila alipoitwa Rula aliomba kimoyomoyo: leo aseme, leo alitetee ghala lake kwa kinywa chake, maana maneno ya mwenye mali huwaingia watu masikioni kuliko ya ndugu. Na kila mara Dada alimwangusha.

"Mwenyekiti," alianza, "mimi bado nina neno juu ya benchi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Rula akafumba macho.

"Cheko lenu nalijua," alisema Dada. "Lakini benchi hili linatazama magari. Nani atatoka kwake kuja kutazama magari yaliyoegeshwa? Na tena halina pa kuegemea."

"Dada," alisema Rula, meno yakiwa yamekutana, "hiyo ni njiti ya kiberiti."

"Naona ni njiti. Si mmesema kilichopo mezani ndicho kitakachojengwa? Mtajenga njiti?"

"Ghala, Dada! Sema juu ya ghala!"

"Zamu ni yangu au yako?"

Rula akakaa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mwanamke huyu angeweza kumnyamazisha Bwana Hoteli kwa sentensi moja, na badala yake anatetea pa kuegemeza mgongo! Dada akaiinamia meza kwa muda, uso karibu kabisa na mbao, akapapasa hapa na pale, kisha akarudi kitini kwake.

Fujo ikaanza upya. Bwana Hoteli na Mama Soko walilishika soko kila mmoja na ncha yake, wakivutana. Mwenyekiti akapiga meza kwa kiganja.

"Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza," alisema, "nao walikuwa wakigawana rangi bila kuumizana. Mmenichosha! Sasa nagonga kengele ya mwisho."

Soko likaachiwa. Rula akatupia jicho la mwisho mezani, na moyo ukampasuka. Ghala halikuwepo.

"Simama! Mwenyekiti, simama! Kuna mwizi humu!" Akamwendea Bwana Hoteli. "Toa mfukoni."

"Nitoe nini?"

"Ghala la dada yangu! Umelitaka tangu siku ya kwanza!"

Bwana Hoteli, mtu mzima na heshima zake, akageuza mifuko nje mbele ya kadamnasi: funguo, leso, pipi ya mnanaa iliyolambwa nusu. Mama Soko akainuka kabla hajaambiwa, akakung'uta khanga yake. Rula alikwisha kuwa chini ya meza kwa magoti, akipekua miguuni mwa watu. Kengele ikilia bila kile kipande, basi, na Dada atatolewa na cherehani yake mpaka barabarani.

"Mapumziko mafupi," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya kuchoka. "Tukirudi, kipande kiwepo kisiwepo, nagonga."

Mkono ukamgusa Rula begani.

"Inuka, unachafua suruali," alisema Dada. "Njoo nje."

Kwenye korido hakukuwa na mtu. Dada akafungua mkoba. Katikati ya miwani miwili na chupa ya dawa ya kuchua, ghala lilikuwa limelala chali, mistari ya bati ikionekana vizuri.

"Dada!"

"Punguza sauti."

"Nipunguze nini? Nimegombana na mji mzima kwa ajili ya ghala hili! Nimeitwa mkaidi, nimeitwa mbinafsi, leo nimempekua mtu mfukoni, kumbe limo humu?"

"Najua. Ndiyo maana nimeshindwa kusema." Dada akavishika vidole vyake kimoja kimoja, kana kwamba anavihesabu. "Mdogo wangu, tundu la sindano silioni tena. Nikitaka kutunga uzi natoka nje kumwita mpita njia. Asubuhi mikono haifunguki mpaka niitie kwenye maji ya moto. Kila mwaka nasema nafunga, sasa nafunga, kisha nasikia umesimama tena mbele ya watu kunipigania. Nikaona haya. Nitafungaje mahali ambapo ndugu yangu anapapigania hivyo?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza? Umemuuliza mwenye hoteli anataka nini. Umewauliza wachuuzi. Hata mwosha vyoo umemuuliza milango ifungukie wapi, nilikuwepo. Mimi umeniuliza lini?"

Rula alimkasirikia Dada, akaikasirikia ile mikutano yote, halafu hasira ikakosa pa kwenda ikamrudia mwenyewe. Alikuwa amebeba mzigo safari nzima, na mwenye mzigo alikuwa akimfuata nyuma kwa aibu ya kumwambia autue. Macho yakamuuma.

"Haya," alisema mwishowe, sauti ikiwa ndogo. "Unataka nini?"

"Si nimesema kila mkutano? Mnacheka tu." Dada akamtilia ghala kiganjani, akafunga mkoba. "Dirisha la lile ghala, linalotazama maji, liko nyuma yangu nikikaa kwenye cherehani, ili mwanga uangukie kazi. Umri wangu wote nimeyapa maji mgongo. Nayasikia tu yakipiga gati. Nataka kukaa niyatazame. Nikichoka, niegemee."

Waliporudi ndani, Mwenyekiti alikuwa ameishika kengele.

"Kipande kimepatikana?"

"Kimepatikana."

"Kirudishe, tumalize."

Rula alikuwa nacho mfukoni. Kidole gumba chake kilipita juu ya mistari ya bati, kikarudi.

"Hakirudi, Mwenyekiti. Mwenye ghala amekiondoa kwa zamu yake. Alisahau kutaja sababu. Amechoka."

Hakuna aliyecheka. Bwana Hoteli, aliyekuwa amelitaka jambo hilo kuliko wote, alitazama viatu vyake kidogo, kisha mkono wake ukaanza kunyemelea hoteli.

"Hapo pana mtu," alisema Rula.

"Pana nani? Si pameachwa wazi?"

"Hoteli yako ina ghorofa. Iyatazame maji kutoka huko nyuma, kwa juu."

Akalichukua benchi kwa ncha za vidole, akalitoa mbele ya maegesho, akaliweka pale ghala lilipokuwa, ukingoni kabisa, uso wake majini. Akatoa gundi na kiberiti mfukoni mwa koti lake, akavunja njiti nyingine, akaisimamisha nyuma yake iwe pa kuegemea. Ikashika. Bwana Hoteli akaguna, akaurudisha mkono mfukoni. Mama Soko akalivuta soko lake kando ya barabara bila kuambiwa na mtu.

Mwenyekiti akainua kengele.

"Mwenyekiti," alisema Dada akisimama, "neno moja."

Ukumbi mzima ukaguna.

"Dada, sasa nini tena?" Rula alikuwa karibu kulia.

"Limekaa upande."

Rula akauma meno, akainama, akalisogeza kidogo.

"Hapo?" aliuliza.

Dada akavaa miwani yake, akatazama kwa makini.

"Kulia kidogo."

"Hapo?"

"Hapo," alisema Dada, na Mwenyekiti akagonga kengele.