Muhogo wa Benedikta

Bwana shamba Sabiri alipasua muhogo wa tatu, naye Benigna akatamani kumnyang'anya kisu. Ndani mlikuwa na uozo wa kahawia, kama kwenye ile miwili ya kwanza. Juu majani mabichi, ya kupendeza macho. Muhogo mnafiki kweli!

"Ni virusi, mama. Ng'oa shamba lote, uchome."

"Hivi hivi tu?" Mwaka sabini na mbili marehemu mama yake, Benedikta, alikimbia mauaji Burundi na pingili sita za muhogo huo ndani ya nguo, akazipanda hapa Ulyankulu. Kaburi lake lilishatitia; muhogo ndio uliobaki. "Nipe dawa nipulizie."

"Dawa haipo. Huyu mdudu peke yake hawezi kuzaa hata mmoja. Anaingia kwenye seli ya muhogo, chumba kidogo kisichoonekana kwa macho, anailazimisha iache kazi zake imtengeneze yeye. Wakishakuwa wengi, wanahamia seli nyingine."

"Kwa hiyo muhogo wenyewe ndio unaomzaa."

"Ndiyo hivyo."

"Nikibakiza pingili moja? Moja tu, mwanangu."

Sabiri alitazama chini. "Ikiwa hai, naye anazaana humo. Kila utakapoipanda, unampanda yeye."

Benigna alikaa kwenye tuta. Katika ukoo wao bibi harusi haondoki mikono mitupu: hufungiwa fungu la pingili za Benedikta akazipande kwa mumewe. Mwaka juzi alimfungia Esperansi, binti yake wa mwisho, aliyeolewa Urambo. Alichagua mwenyewe zilizonenepa, akafunga kwa kamba ya mgomba huku akiimba.

Alimpigia simu.

"Shikamoo mama! Yaani nilitaka nikupigie," Esperansi alidakia. "Muhogo wa bibi umeshika wote! Mama mkwe kausifia mpaka basi. Nimekata pingili nikawagawia mawifi wote watatu, na majirani wanapanga foleni."

Benigna aliitazama ile mihogo mitatu iliyopasuliwa.

"Mama? Unanisikia?"

Alimsikia vizuri. Hakujua amwambie aanze kung'oa shamba la nani.