Harufu ya Barabara ya Kumi na Nne

Saa tisa kasorobo alasiri, Jumatatu moja ya mwaka 1956, Abrahamu alifika barabara ya kumi na nne, Ngamiani, akaiegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa Chuo cha Ukarani cha Nuru ya Pwani, akafuta vumbi la Pongwe viatuni kwa kitambaa alichokitenga kwa kazi hiyo tu. Kisha akatoa kadi yake mfukoni. Mlango ulikuwa na kufuli jipya. Kibao kilikuwa kimeng'olewa, yamebaki matundu manne ya misumari.

Wanafunzi wenzake kama ishirini walikuwa wamesimama kivulini, kila mmoja na kadi yake mkononi. Aliyewapa habari ni Mama Mboni, muuza vitumbua wa upande wa pili. Jana Jumapili lori lilikuja, likachukua taipu zote tatu, mabenchi, ubao, hata chaki. Bwana Sadalla, mwenye chuo, alikuwa ameketi mbele na dereva, akampungia mkono.

"Mie nikadhani mwahamia jengo kubwa, mwanangu," alisema Mama Mboni.

"Nimebakiza siku nne," alisema Abrahamu.

Maneno hayo yalimtoka pamoja na harufu. Ilikuwa ile harufu ya makapi ya mkonge yaliyolala yakaoza wiki tatu kwenye mfereji wa kiwanda, na mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa zaidi. Mama Mboni akafunika vitumbua vyake kwa ungo. Kijakazi, msichana wa Tongoni aliyekuwa akisomea ukarani wa hospitali, akasema yeye amebakiza siku tisa, na harufu ile ile ikamtoka. Wengine nao wakasema zao. Baada ya dakika chache Mama Mboni alilihamishia jiko lake barabara ya kumi na tano, bila kugombana na mtu.

Ni haki kueleza kwa nini watu wazima wenye akili zao walimwamini Sadalla. Ilikuwa ile kadi. Kila mkata mkonge anakijua kipande: visanduku thelathini kwa siku thelathini za kazi, karani anatia alama kila siku, na kikijaa unalipwa. Meneja anaweza kukutukana, anaweza kukukatia posho, lakini kipande kilichojaa hulipwa, na Abrahamu katika miaka yake sita ya kukata mkonge shambani Pongwe hakuwahi kuona kimekataliwa. Sadalla alilijua hilo. Akachapisha kadi yenye ukubwa ule ule na rangi ile ile ya kaki, visanduku thelathini, muhuri wa wino wa zambarau kila siku. Kadi tatu zikijaa, unapewa cheti. Hakuna aliyemwomba stakabadhi wala aliyeuliza chuo kimeruhusiwa na nani. Nani aliwahi kukiulizia kipande maswali kama hayo?

Kwa hiyo hawakukosa hata siku moja. Abrahamu aliwahi kwenda na homa, akatapika dirishani, akarudi kwenye foleni kugongewa muhuri. Wanafunzi walikuwa sitini kwa taipu tatu, na moja haikuwa na utepe. Walimu walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa akisinzia tangu anaingia mpaka anatoka. Lakini muhuri uligongwa kila siku ya Mungu. Hilo Sadalla hakulifanyia uvivu, mshenzi yule.

Abrahamu hakuwa akitafuta ukubwa. Mwaka uliopita ncha ya jani la mkonge ilimchoma jicho la kushoto, likafa. Daktari wa shamba alimwambia likichomwa na la pili, atafute mtu wa kumshika mkono. Shambani palikuwa na nafasi ya karani wa mizani, kazi ya kukaa kwenye kiti chini ya bati, mbali na miiba, na karani mkuu alikubali kumshikilia nafasi hiyo mpaka mwisho wa mwezi, alete cheti. Mkewe Lea aliuza mbuzi wake wote wawili ili ada itimie. Ndiyo maana Abrahamu alipanda baiskeli kila alasiri baada ya kukata, kwenda na kurudi, na jicho moja.

Jioni hiyo alimweleza mkewe habari yote wakiwa wameketi jikoni. Lea alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafungua dirisha.

"Imeanza lini?"

"Leo. Nikisema mengine, hainitoki. Nikikitaja chuo, au lolote nililofundishwa kule, ndiyo hiyo."

"Basi usikitaje mtoto akiwa anakula, Baba Ruthi," alisema Lea. Akachuma majani ya mlimau akampa atafune. Hayakusaidia. Kule Tongoni, mama yake Kijakazi alimfukizia binti yake udi siku saba mfululizo, na harufu ikakubali tu kuchanganyika na udi.

Jumatano Abrahamu alivaa shati jeupe akaenda kwa Bwana Zubeiri, karani mkuu wa shamba, mtu mpole aliyekuwa na kalamu tatu kwenye mfuko wa kifua. Alipiga hodi, akaamkia shikamoo, akakaribishwa kiti. Alieleza kwamba cheti hana, lakini hesabu za mizani anaziweza, na barua ya Kiingereza anaiandika. Alipofika kwenye barua ya Kiingereza, Bwana Zubeiri alitoa leso akaishika puani, taratibu, asije akamvunjia heshima.

"Wewe ni wa saba wiki hii," alisema. "Wote mwanuka vivyo hivyo. Sisemi ni kosa lako, ndugu yangu. Lakini mizani iko ubavuni mwa ofisi ya meneja, na meneja hula chakula chake mle mle."

"Naweza kunyamaza, bwana."

"Karani hanyamazi. Karani husoma uzito kwa sauti."

Abrahamu aliomba ajaribiwe. Bwana Zubeiri akamwekea mzigo wa mkonge, naye akasoma uzito wake sawasawa, bila kukosea hata ratili moja, na vibarua waliokuwa karibu wakasogea mbali. Nafasi ile ilikwenda kwa mpwa wa dereva wa meneja, kijana asiyejua kuandika vizuri lakini hana harufu yoyote.

Ijumaa Abrahamu na Kijakazi walikwenda mjini, kwenye ofisi ya leseni, kushtaki. Karani wa zamu aliwasikiliza kwa maneno matatu, kisha akawaomba waandike. Waliandika kurasa mbili, nzuri, mistari imenyooka. Karatasi nazo zilinuka. Karani alizibana kwa koleo la mkaa akazipeleka nje, akazining'iniza kwenye msumari karibu na choo, mahali palipokuwa tayari na karatasi nyingine nyingi. Akaosha mikono, akarudi na jalada.

"Hapa hapajawahi kuwa na chuo," alisema. "Bwana Sadalla ana leseni ya duka la kadi na vifaa vya kuandikia. Mlilipia kadi?"

"Tulilipia," alisema Kijakazi.

"Na kadi mlipewa?"

"Tulipewa."

"Visanduku vilipungua?"

"Havikupungua. Ni thelathini."

"Basi mmeuziwa mlichouziwa."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na hilo ndilo linalotia kichefuchefu zaidi. Alikuwa mtu wa kawaida, amechana nywele, ana picha ya watoto wake mezani. Alilifunga jalada na kulirudisha kabatini.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka Bwana Sadalla na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amekuja kuchukua leseni nyingine. Aliwatambua mara moja, akawashika mikono wote wawili, akawauliza hali za nyumbani. Alisema chuo kimepata misukosuko, jambo la kusikitisha sana, yeye mwenyewe limemwumiza kuliko wao, na kwamba elimu haipotei. Alizungumzia chuo kwa muda mrefu, kinywa wazi, meno meupe.

Abrahamu alimsogelea akanusa. Hakikuwepo kitu. Palikuwa na harufu ya sabuni na tangawizi tu. Alisogea tena mpaka pua yake ikakaribia kugusa ukosi wa koti la yule bwana, akavuta pumzi ndefu, kwa haki kabisa, maana hakutaka kumsingizia mtu. Hakikuwepo kitu.

"Mbona hunuki?" Kijakazi alimwuliza Sadalla.

"Mimi nilimaliza shughuli yangu, binti," alijibu Sadalla. Karani akamfungulia mlango, kisha akawaomba wao wawili watokee wa nyuma, kwa sababu mbele kuna wateja.

Mwezi ulipokwisha Abrahamu alikuwa angali kwenye mistari ya mkonge. Alijifunga kitambaa usoni kwa namna ya kulikinga jicho la kulia, lakini kitambaa kilimziba asione ncha za majani, akakivua. Alikata akiwa amegeuza shingo upande, pole pole, kwa hiyo mafungu yake hayakutimia na siku nyingine hakutiwa alama kwenye kipande. Kijakazi aliolewa Tongoni na mtu asiyependa mazungumzo. Mjini watu walizoea. Ukipita mtaani ukakutana na harufu ile, ulijua kuna mtu anaeleza alikosoma, ukavuka barabara.

Mwezi wa Oktoba, wakati wa mapumziko, Luka alimfuata kule mwisho wa mstari. Luka alikuwa mkataji mwenzake, Mshambaa wa kwao, rika lake, nao walikuja shambani kwa lori moja. Alitaka kukodi baiskeli yake nyakati za alasiri, kwa kuwa Abrahamu hakuwa na matumizi nayo tena saa hizo. Alisema kimefunguliwa chuo barabara ya tisa, kizuri, kina taipu nne, na mwenyewe ni Bwana Sadalla yule yule, lakini sasa amejifunza kutokana na makosa.

Abrahamu aliweka panga chini. Akamweleza yote tangu mwanzo: taipu isiyo na utepe, mwalimu anayesinzia, muhuri, lori la Jumapili, leseni ya duka, karatasi msumarini. Hakuruka kitu. Harufu ilimtoka nzito kuliko siku zote, ikatanda juu ya mkonge, ndege wakahama. Luka alikuwa mwungwana. Aliziba pua kwa vidole viwili, machozi yakimlengalenga, akasimama pale pale mpaka rafiki yake akamaliza.

"Pole sana, mbuyangu," alisema kwa sauti ya puani. "Sikuyashika vizuri yote, kichwa chanizunguka. Ila hili moja niambie. Darasa huanza saa ngapi?"

Abrahamu alimtazama kwa jicho lake moja.

"Saa tisa," alisema, na Luka akageuza uso upande upepo unakotoka.