Mwasyoge na Wenzake

Atupele alikuwa akimenya ndizi za mchana jikoni kwake Kawetele, sauti ilipoita kutoka kwenye mashamba ya chai: "Mwasyoge na wenzake!" Uani, baba mkwe wake akaitika, akavaa kofia, akaenda. Atupele alijibanza nyuma ya mlango mpaka apite, maana huku Unyakyusani mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala halitamki jina lake.

Kulitamka hakuwahi. Aliliandika tu. Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya viazi, na alipoolewa na Nelson alianza kuchapisha makala kwa jina la ukoo wa mumewe. Makala yake kuhusu mnyauko wa viazi vya Isongole ilipendwa mno, na kila mwandishi alipoinukuu, popote duniani, akaandika "Mwasyoge na wenzake" kama ilivyo desturi ya wasomi, baba mkwe aliitwa. Watu wa kilimo walimwita kwa upole. Wa udaktari waliita kwa haraka, kama wana mgonjwa mlangoni. Wa hesabu, ambao sijui viazi vinawahusu nini, walipiga mluzi tu. Wengi walilikosea jina, lakini mzee alisema usikatae wito, kataa neno, akaenda hivyo hivyo.

Tabu ilikuwa hao wenzake. Kwenye makala walikuwa mabosi wa kituo cha utafiti, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga tuta la viazi. Mkuu wa kituo, Dokta Hosea, aliandikwa wa tatu. Bila jina lake makala isingepata saini yake ya kuruhusu ichapishwe. Lakini mzee alipoitwa, walioinuka ni wa rika lake. Anyelwisye aliacha chai mezani, Obed akaacha ng'ombe hajamaliza kukamuliwa. Mwanzoni walirudi jioni, wamelowa ukungu, na kila waliporudi walikuwa wepesi zaidi, hadi mama mkwe akawa anamsogeza mzee kwa ufagio anapofagia. Kisha Obed hakurudi. Mkewe alikunja nguo zake, akaziweka sandukuni, basi. Atupele alishikwa na hofu.

Alikwenda kwa Dokta Hosea kuomba makala iondolewe. Hosea alimweleza kwamba makala inayonukuliwa katika fani nyingi namna ile haiondolewi. Vyeo vya watu vimesimama juu yake. Atupele akamuuliza kama yeye, mwenzake wa tatu, huwa anasikia wito.

"Mimi nalala vizuri tu," alisema Hosea.

Asubuhi moja wito ulikuja mfululizo, upole, haraka na miluzi pamoja, na wazee wakatoka bila kunywa uji. Mama mkwe akaingia jikoni.

"Mwanangu, aliyeandika ni wewe. Mwite baba yako arudi."

"Mama, siwezi kumtaja."

"Umeshamtaja dunia nzima."

Atupele alikimbia hadi kwenye chai. Ukungu ulikuwa umeshuka, akaona migongo ya wazee ikienda. Akaliita lile jina, lote, kwa sauti. Mzee akageuka. Alipoona ni mkamwana wake, alifunika uso kwa kofia, akaiacha njia ili ampishe, akaingia kwenye ukungu mzito. Wenzake nao wakampisha kwa adabu ile ile. Hawakurudi.

Vyeo vikatoka. Hosea akawa profesa, Atupele akapanda daraja moja. Makala nyingine ilikuwa tayari, na Atupele alimwomba Hosea awe wa kwanza, yeye afutwe kabisa. Hosea, ambaye hajawahi kukataa jina lake liwekwe mahali, aliirudisha karatasi mezani taratibu.

"Hapo pa tatu pananitosha," alisema.

Makala ikatoka hivyo. Jioni moja walikuwa wanakula, Atupele, Nelson na binti yao Gift wa darasa la pili, sauti ikaita kutoka kwenye migomba, karibu kabisa na dirisha. Nelson alikuwa na tonge mdomoni. Gift aliwahi kuitika. Akateremka kwenye kiti, akamuuliza mama yake kama wenzake ni darasa zima au ni wale tu anaokaa nao dawati moja.