Ndege ya Kiti Kimoja

Maduhu hakuwa mjinga, jamani. Alikuwa fundi, na ufundi ukimzidi mtu unaweza kumfikisha pale ambapo hata mjinga hafiki. Kazi yake katika mgodi mmoja wa Geita ilikuwa kuchonga magogo ya kushikilia paa la shimo lisiwaangukie wachimbaji. Mwaka hamsini na mbili akauza baiskeli yake, akaagiza kutoka Ulaya michoro ya ndege ya kujiundia mwenyewe nyumbani. Walipomuuliza kazini sasa anakujaje, alijibu, "Kwa miguu, lakini kwa muda tu."

Bahasha ilikuwa na michoro ya ndege mbili, moja ya kiti kimoja, nyingine ya viti viwili. Maduhu akaitandaza kitandani, akaikagua siku tatu kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Ya kiti kimoja ilikuwa rahisi na mbao zake chache. Akaichagua, akamwita mkewe Nyamizi aje afurahi naye.

Nyamizi akaitazama karatasi. "Mimi nakaa wapi?"

"Wewe utabaki chini," Maduhu akasema huku anatabasamu, maskini wa Mungu, "unipungie mkono."

Nyamizi hakugomba. Alifunga mzigo wake, akaenda kwao, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Atarudi tu, Maduhu alijiambia, akaanza kazi. Michoro ilisema aanze na mkia, tena kwa mbao nyepesi. Nyepesi! Mtu aliyezoea kuzuia mlima usianguke utamweleza nini habari ya wepesi? Akatumia mninga. Mkia ulipokamilika ulinyanyuliwa na wanaume wanne, na mmoja wao, jirani yake Bujiku, akauliza kama ndege hiyo itapaa au itachimba shimo. Maduhu alicheka kuliko wote. Walipoondoka akakaa juu ya mkia wake, akaona hana wa kumwonyesha, na kicheko kikamkauka. Alimtaka Nyamizi arudi, basi.

Mume aliyekimbiwa humfuata mke ukweni, na kosa lake hulitaja kwa kinywa chake mwenyewe. Baba mkwe, mzee Makoye, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya wazee wawili wa ukoo. Mama mkwe, ambaye kwa heshima haonani na mkwewe, alijibanza nyuma ya mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umempiga?"

"Hapana, baba."

"Umeoa mwingine?"

"La hasha!"

"Sasa kosa lako nini?"

"Nilichagua ndege ya kiti kimoja."

Nyuma ya mlango kata ya maji ikaanguka, kikafuata kicheko kilichozibwa kwa kiganja. Makoye hakucheka.

"Hiyo ndege iko wapi?"

"Kuna mkia, baba."

"Kumbe binti yangu amenyimwa kiti kwenye mkia."

Wazee wakakohoa. Maduhu alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye aliyelipwa kuizuia.

"Baba, nilipanga safari nikamsahau mwenzangu," akasema. "Imeniuma, na nyumba imenishinda bila yeye."

Makoye akawatazama wale wazee wawili. "Nenda ukachonge kiti chake kwanza. Ukikileta, atasema mwenyewe."

Akakichonga. Kwa mninga, bila shaka. Jumapili iliyofuata akakibeba kichwani njia nzima hadi ukweni, shingo ikizama mabegani. Nyamizi akakikalia, akaegemea, akajaribu kukitikisa. Wapi!

"Kinakaa mbele au nyuma?"

"Mbele. Michoro ya viti viwili inasema mwendeshaji akae nyuma."

Nyamizi akafikiri. "Basi kila tuendako nitatangulia kufika."

"Utatangulia."

Akainuka, akachukua mzigo wake. Wakaondoka, yeye mbele, Maduhu nyuma na kile kiti kichwani. Karibu na nyumbani wakakutana na Bujiku, akauliza ndege imefikia wapi. Maduhu alihema tu, mzigo haukumwachia pumzi ya kujibu.

"Tumeshapanda," akasema Nyamizi, bila kupunguza mwendo.