Wino wa Ndani ya Mtoto wa Meza

Mzee Nassor hakuwa na duka. Hakuwa na kibao chenye jina lake, wala kiyoyozi chake mwenyewe, wala mke, maana marehemu alifia Mombasa mwaka ule wa korona, ndege zimesimama, na yeye akamzika kwa simu. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Cheti kikubwa cha kumwonyesha mtu hakuwa nacho pia. Alichosoma alikisoma usiku, katika madarasa ya watu wazima, baada ya kushinda mchana kutwa akibeba magunia ya mchele ghalani. Na hakuwa na pa kurudi ila chumba cha uani kwa mkwewe aliyemwoa binti yake, Kisauni ya Mombasa, akae humo asubiri sahani yake ya chakula iletwe.

Alichokuwa nacho ni kona. Kona ya duka la ushonaji la Waleed, huko Satwa, baina ya dirisha na marobota ya vitambaa: meza moja, kompyuta moja, printa moja. Hapo aliwaandikia watu wa kwao CV, barua za kuomba kazi, na barua za kumbembeleza kafeel, yule mdhamini wa viza. Waleed, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Dubai akiwa mdogo, alimwachia kona ile kwa kodi ya kindugu, na sharti lilikuwa moja: kona ijilipie.

Juu ya meza palibandikwa karatasi ya mwandiko wa Mzee Nassor mwenyewe, herufi zimelala vizuri kama zilizopigwa pasi: Ukurasa mmoja, dirhamu moja. Siku ya kwanza, mbele ya wateja wake, alitamka kwamba bei hiyo haitapanda maadamu yeye ndiye anayekaa pale. Alikuwa na furaha siku hiyo. Mtu akiwa na furaha hutoa maneno makubwa.

Printa ilikuja na mpango wa wino. Kila mwezi kampuni ilijikatia pesa zake benki, na printa yenyewe, kwa njia ya mtandao, iliwapasha habari wino ulipopungua, katriji mpya ikaletwa hadi mlangoni. Mwanzo ilikuwa raha. Kisha ikaja barua pepe ya maneno matamu: ili kuzidi kukuhudumia vyema, bei imebadilika. Haukupita muda ikabadilika tena. Ya tatu ilipokuja, bei ilipanda na idadi ya kurasa ikashuka, vyote kwa pamoja.

"Mwalimu, pandisha na wewe," alisema Hesbon, askari wa jengo la jirani, ambaye hakukosa kupita kupiga soga. "Dirhamu mbili. Nani atakufa?"

"Fotokopi ya ng'ambo ya barabara wanachapa kwa moja."

"Lakini hao hawajui kupanga Kiingereza kama wewe."

"Utaniandikisha mimi Kiingereza, halafu uvuke ukachape kwao. Nakujua, Hesbon."

Hesbon akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Lakini Mzee Nassor alikuwa mtu wa ghala, na mtu wa ghala anajua dawa ya bei inayopanda: jaza stoo, kisha funga mlango. Aligundua kwamba kampuni huleta katriji mpya mapema, ya zamani ikiwa bado na uhai. Basi akawa anachapa kwa rangi hafifu, anaikamua ya zamani mpaka tone la mwisho, na mpya anaiviringisha kwenye mabaki ya kitambaa cha Waleed na kuitia ndani ya mtoto wa meza. Zilipofika nne, alijiona tajiri.

Masharti ya mpango ule alikuwa ameyasoma siku aliyojiunga, kamusi iko pembeni, tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye hakuwa mtu wa kutia saini asichokijua. Yaliandikwa waziwazi kwamba katriji ni mali ya kampuni. Alipofika hapo alicheka. "Nani atatoka Ulaya," alimwuliza Waleed, "aje Satwa kunifungulia mtoto wa meza?"

Akavunja mkataba. Kompyuta ilimwuliza mara kadhaa kama ana uhakika. "Khalas!" akasema kwa sauti, akabonyeza, na mafundi wa cherehani wakampigia makofi bila kujua wanashangilia nini.

Siku ile mwezi uliolipiwa ulipokwisha, aliingia Roselyne, binti wa Kakamega, amevaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa. Alikuwa anakwenda kwenye usaili wa hoteli.

"Babu, kurasa mbili tu. Basi langu linapita sasa hivi."

Mzee Nassor akaamuru printa. Printa ikawasha taa nyekundu. Kwenye kioo chake kidogo yakaja maneno: Katriji hii haina mpango. Tafadhali jiunge upya.

Akafungua mtoto wa meza, akaviringua kitambaa, akatia nyingine. Taa nyekundu. Akatia ya pili, akatia ya tatu. Ya nne aliipuliza kwanza, kama mtu anayepuliza kidonda cha mtoto. Taa ikawa ileile.

"Babu, usijali," alisema Roselyne taratibu. "Nitumie kwa simu, nivuke pale ng'ambo."

Akamtumia. Akamwona dirishani akivuka barabara mbio, na hakutaka dirhamu zake. Alichotaka ni asimwone akivuka.

Alipiga simu kwa kampuni. Baada ya muziki mrefu akapokea msichana aliyejitaja kwa jina la Ghada, mpole kabisa.

"Sir, wino ule hukuununua. Ulikuwa unalipia kurasa."

"Lakini umo mezani mwangu, mwanangu. Umejaa. Nautikisa nausikia."

"Naelewa, sir. Naweza kukurudisha kwenye mpango, ila ule wa zamani umefungwa. Upo huu mpya."

Akamtajia bei. Mzee Nassor aliandika kwenye kipande cha karatasi, akagawa, akagawa tena. Kwa bei ile, kila ukurasa angeuchapa kwa hasara. Akipandisha, wote watavuka. Na neno lake liko ukutani.

"Sir, bado upo?"

"Nipo," alisema. "Ahsante, mwanangu. Kosa si lako."

Waleed alisubiri wiki, ikapita nyingine. Watu waliingia, wakaona taa nyekundu, wakatoka. Mwishowe akavuta kigoda.

"Nassor, ndugu yangu. Mashine ya ovaloki inakuja Jumamosi. Sina pengine pa kuiweka."

"Sharti nalikumbuka."

"Ungeniambia mapema tukanunua printa nyingine."

"Kwa pesa za nani, Waleed? Zako?" Akatabasamu kidogo. "Nimekula vyako vya kutosha."

Waleed alitazama chini. Hakukataa.

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Nassor alikaa kwenye kona yake mara ya mwisho. Aliibandua karatasi ya bei, akaigeuza, akaandika upande wa nyuma kwa Kiingereza chake cha usiku: Mnarudishiwa katriji nne. Hazijatumika. Nilizitunza vizuri. Sikuwaibieni kitu.

Kampuni ilikuwa imempa bahasha ya plastiki, imekwishalipiwa, ya kurudishia katriji kuukuu zikasagwe. Akazitia zote nne, na barua juu yake.

"Hiyo inakwenda kiwandani," alisema Waleed. "Hakuna atakayeisoma."

"Najua."

Mwenye pikipiki wa vifurushi alikuwa tayari mlangoni, hakuvua kofia. "Ndani mna nini, baba? Yalla, nina kumi za kupeleka."

"Wino," alisema Mzee Nassor. Akabandua utepe wa gundi, akakunja mdomo wa bahasha, akaupitisha kidole gumba mara mbili ushike sawasawa, akampa.