Mtama Ulioota Penye Chumvi

Kampuni ya chumvi ilipochimba mfereji, maji ya bahari yakaingia mashambani mwetu. Mimi nilipiga kelele ofisini kwao mpaka koo likakauka. Dada yangu aliloweka mbegu za mtama usiku kucha kwenye maji yenye chumvi kidogo, akazianika kivulini zikakauka tena, ndipo akapanda.

“Wifi, mbegu nazo unazifundisha kuogelea?” mke wangu alimtania.

“Nazizoesha shida mapema, wifi.”

Mtama ukaota, mwembamba lakini wa kijani. Siku wakaguzi walipokuja kuamua kama mfereji uzibwe, meneja wa kampuni aliwapeleka moja kwa moja kwenye shamba la dada. Sura ya meneja huyo naikumbuka mpaka leo.

“Haya, tazameni wenyewe. Hiyo chumvi wanayoililia iko wapi?”

Wakaguzi wakaitikia kwa vichwa, wakapanda gari. Mfereji ukabaki wazi.

Dada akainama, akaanza kung’oa miche. “Wangekuta pamekauka, wangetuamini!”

Nilitamani kumsaidia kung’oa. Lakini nikamshika mkono kumzuia, kwa sababu mashamba mengine yote yalikuwa yamekufa, na tusingekuwa na kingine cha kula.