Diski Iliyoandikwa Safi

Kabla ya kuiamini diski yoyote, Jicho aliiinua dirishani, akafumba jicho moja, akaitazama kwa lile la pili mpaka diski yenyewe ikakaribia kuona haya.

Hivyo ndivyo alivyolipata jina lake. Kwa miaka ishirini alikuwa akirekodi sauti za watu na kuzichoma kwenye diski katika chumba chake chenye dirisha moja, na mtaani walisema hata chai ya mkewe huikagua rangi kabla ya kuinywa. Aliipima diski kwa kidole, akajua nzito na nyepesi. Aliigeuza akaisoma rangi ya upande wa chini. Kisha alitafuta namba ndogo zilizochongwa kwenye duara la katikati, maana bandia nyingi huzaliwa na namba moja kama mapacha mia, au hazina namba kabisa. Iliyofaulu aliilaza mezani, akachukua kalamu ya wino yenye ncha ngumu ya chuma, akaandika juu yake kwa herufi kubwa, akikandamiza ili neno lisifutike: SAFI. Iliyofeli hakuiandika chochote. Hakutaka mwandiko wake ukae juu ya uchafu.

Alasiri hiyo diski aliyoishika ilikuwa na neno hilo, na deki ilikuwa imeshaitema mara nne.

Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yake. Saa nzima ya sauti, iliyorekodiwa miaka kumi na miwili iliyopita, miezi mitatu kabla mama hajafariki. Kompyuta iliyoihifadhi kazi ile ilikufa zamani na kila kilichokuwamo. Na kesho asubuhi dada yake mkubwa, ambaye hakuwahi hata mazishi, angefika kutoka mbali. Kwenye simu aliomba kitu kimoja tu: "Sitaki mbwembwe za kunipokea. Nipeni kiti, mniwekee mama nimsikie."

Jicho aliipangusa diski kwa kitambaa laini. Akasafisha deki. Akajaribu deki ya pili, nayo ikazungusha, ikakoroma, ikanyamaza. Ndipo shaka ilipoingia, na kwake yeye shaka ilikuwa mgeni wa siku zote, haibishi hodi. Diski safi haifi, aliwaza. Basi hii si yangu. Imebadilishwa. Na mtu wa mwisho kubaki peke yake chumbani humu, siku Jicho alipotoka kuzungumza na fundi umeme, alikuwa mdogo wake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sababu ya kisasi ilikuwepo. Mdogo wake aliwahi kuwa na kibanda cha kuuza diski. Siku moja Jicho alisimama pale mbele ya wateja, akainua diski moja juani, akatamka kama hakimu: "Bandia. Zote." Hakukosea, zilikuwa bandia kweli. Lakini wateja walitawanyika, na mwaka haukuisha kibanda kikafungwa. Hata siku ya kumrekodi mama, Jicho alichoma nakala mbili: yake kwenye diski safi, ya mdogo wake kwenye mojawapo ya zile zilizobaki kibandani. "Kila mtu na diski yake," alisema. Tangu hapo walisalimiana kama watu wanaopishana kwenye ngazi.

Akafungua daftari alimonakili namba za diski zake, akalinganisha. Zilikuwa zilezile, tarakimu kwa tarakimu. Badala ya kutulia akazidi kuhamaki: kumbe mwizi huyu anajua hata kughushi namba! Akampigia simu mdogo wake, akamwambia aje mara moja.

Mdogo wake aliingia na mfuko wa karatasi kwapani.

"Diski ya mama umeipeleka wapi?" Jicho alimrukia.

"Kwanza salamu, kaka."

"Salamu baadaye. Hii si yangu. Umeniwekea nyingine."

Mdogo wake aliinama, akaitazama. "Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Na namba?"

Jicho alilifunga daftari. Mdogo wake akacheka kicheko kikavu, akatoa diski mfukoni. "Nilijua utasema yangu haifai kusikilizwa na dada. Nimeileta hivyo hivyo."

Mkono wa Jicho uliipokea kwa mazoea. Nyepesi. Chini, kijani kilichopauka. Katikati, hakuna namba hata moja. Juu, upara mtupu.

"Bandia," mdomo ukasema kabla hajauzuia.

"Bandia ni bandia, sikatai. Na mimi niliuziwa." Sauti ya mdogo wake ilikuwa ya chini. "Ila miaka yote hii unazipima zangu tu. Na yako iinue basi. Nyani haoni kundule."

Jicho aliigeukia diski yake. Ni kweli, hakuwahi kuinua diski dirishani baada ya kuiandika. Kwa nini angeinua? Neno lilikuwa limeshasema. Akaiinua sasa, akafumba jicho moja.

Jua lilipita katikati ya diski. Ncha ya kalamu ilikuwa imepasua rangi ya juu, hewa ikapenya, na ule utando wa fedha uliobeba sauti ukaliwa polepole, mwaka baada ya mwaka, kufuata mwandiko wake. Palipokuwa na wino pakabaki uwazi. S, A, F, I, zote zilisomeka kwa mwanga.

"Nimeiua mwenyewe," alisema. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Nyuma yake palikuwa na rafu nzima ya sauti za watu, kila moja na neno lake juu, na akaogopa kugeuka.

Mdogo wake aliitia diski yake mwenyewe kwenye deki. Deki ikakohoa, ikasita. Kisha mama akasema, karibu kabisa, kama aliyeketi mezani:

"Imeshaanza? Haya. Wanangu, mpo hapo nyote wawili?"

Ukafuata ukimya, na Jicho aliukumbuka. Siku ile alikuwa ameweka kidole mdomoni ili sauti zao zisichafue rekodi. Mdogo wake alikuwa ameshafumbua mdomo kujibu, akalimeza jibu lake. Mama alikuwa amesubiri, macho yakienda kwa huyu na kwa yule.

"Mbona kimya?" sauti ikauliza. "Mmegombana tena?"

"Tupo, mama," Jicho alisema.

Mdogo wake alisogeza kiti chake mbele, akaongeza sauti ya deki.